Kopo Lipi kwa Tumbo Lipi

Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito akiingia famasi kuulizia vitamini, mara nyingi huulizwa anataka za wanaume au za wanawake, na ana bajeti ya shilingi ngapi. Ni nadra kuulizwa alichokatwa, na hilo ndilo swali linaloamua mengine yote. Multivitamini ya kawaida imetengenezwa kwa mtu mwenye tumbo zima na utumbo mzima, ambaye chakula chake kinahitaji kuongezewa kidogo tu. Aliyepasuliwa amebadilishiwa njia ya chakula. Anakula robo ya alichokuwa anakula, tindikali ya tumboni imepungua, na pengine sehemu ya utumbo inayofyonza madini haipitiwi tena na chakula. Kabla ya kusoma kopo, basi, sharti ajue ramani ya tumbo lake mwenyewe.

Upasuaji unaofanywa zaidi duniani kwa sasa ni wa kukata tumbo kwa urefu na kuacha bomba jembamba. Karibu asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa tumbo hutolewa, utumbo hauguswi. Kinachopotea hapo ni nafasi ya chakula, na sehemu kubwa ya seli zinazotoa tindikali, ambazo ndizo pia hutengeneza protini maalumu inayobeba vitamini B12. Wa pili ni baipasi. Daktari anaacha kijifuko cha mililita 30 hivi, sawa na vijiko viwili vya mezani, kisha anakiunganisha na utumbo mwembamba chini zaidi, ili chakula kiruke duodenamu, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, na mwanzo wa sehemu inayofuata. Duodenamu ndiyo sehemu hodari kuliko zote kwa kufyonza chuma na kalsiamu. Wa tatu, unaofanywa kwa wachache, huruka sehemu kubwa zaidi ya utumbo, na mafuta mengi ya chakula hutoka bila kufyonzwa yakiwa yamebeba vitamini A, D, E na K. Puto la tumboni, ambalo hospitali ya Mloganzila jijini Dar es Salaam imekuwa ikiwawekea wagonjwa, si upasuaji na hutolewa baada ya miezi kadhaa. Hata hivyo, mwenye puto anayetapika mfululizo yumo katika hatari ya kwanza nitakayoieleza hapa chini.

Tunajua madhara ya kuruka utumbo kwa sababu kuna watu walioumia kabla yetu. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Marekani walianza kuunganisha mwanzo wa utumbo mwembamba na mwisho wake. Watu walipungua sana. Baadaye ini likashindwa kufanya kazi kwa baadhi yao, wengine wakapata mawe ya figo, wengine wakadhoofika kwa utapiamlo, na upasuaji ule ukaachwa. Mwaka 1966 Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa alianzisha baipasi ya tumbo, ambayo iliacha sehemu kubwa zaidi ya utumbo ikifanya kazi. Hatari ikapungua, lakini haikuisha. Ndiyo maana jumuiya ya Marekani ya madaktari wa upasuaji huu, ASMBS, imetoa miongozo ya virutubisho na kuihuisha, na vipimo vingi ninavyovitaja hapa vinatoka katika mwongozo wake wa mwaka 2016. Vidonge hivi ni vya maisha yote. Anayeambiwa atumie miezi sita halafu aache amepewa ushauri mbaya.

Upungufu unaokuja haraka kuliko wote ni wa vitamini B1, thiamini. Akiba yake mwilini hutosha wiki mbili au tatu tu. Mgonjwa aliyerudi nyumbani wiki ya pili anakunywa uji wa sembe na supu nyepesi, na sembe, kama mchele mweupe, imeshakobolewa ganda lenye thiamini. Hapo zamani kisiwani Java, daktari Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wakilegea miguu kama wagonjwa wa beriberi, ugonjwa wa upungufu wa thiamini. Ugunduzi uliotokana na kuku hao ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Mgonjwa wetu yuko karibu na kuku wale kuliko anavyodhani, hasa akianza kutapika. Kutapika siku mfululizo kunatosha kummalizia akiba. Dalili zake hazifanani na za tumbo: anaona vitu viwiliviwili, macho yanachezacheza, anayumba akitembea, anasahau au anachanganyikiwa, miguu inawaka moto au kufa ganzi.

Ndugu wanampeleka zahanati ya karibu. Nesi anaona mtu amekaukiwa maji, anatundika dripu ya glukosi. Nia ni njema, lakini sukari ile inatumia thiamini kidogo iliyobaki, na ubongo unaweza kuharibika moja kwa moja. Thiamini ya sindano inatakiwa itangulie glukosi au iende nayo pamoja. Ningependa kila aliyepasuliwa awe na sentensi hiyo kwenye simu yake, na mtu wa nyumbani kwake aijue, maana mgonjwa mwenyewe anaweza kuwa amechanganyikiwa kiasi cha kushindwa kueleza.

Kwa siku za kawaida, mwongozo unataka angalau miligramu 12 za thiamini, na ikiwezekana 50. Multivitamini nyingi za dukani zina kama miligramu moja na nusu. Hata ukimeza mbili, bado uko mbali. Kidonge cha B komplex, ambacho ni rahisi na kinapatikana kila mahali, kinaweza kuziba pengo hilo kikiwa na thiamini ya kutosha.

Chuma ndicho kinachowasumbua watu muda mrefu zaidi, hasa wanawake wanaopata hedhi. Mwongozo unawapa wao, na wote waliofanyiwa baipasi au kukatwa tumbo, miligramu 45 hadi 60 za chuma halisi kwa siku. Neno “halisi” lina uzito wake, na tuchukue kidonge chekundu cha kuongeza damu tuone. Kwenye paketi imeandikwa salfeti ya chuma miligramu 200. Hizo ni uzito wa chumvi nzima. Chuma kilichomo ni miligramu 65 hivi. Kidonge cha glukoneti ya chuma cha miligramu 300 kina 35 tu. Kwa hiyo kidonge kimoja cha salfeti, ambacho pengine ndicho cha bei ndogo kuliko vyote rafuni, kinafikia kiwango. Chupa ya sirapu iliyopambwa picha ya misuli huenda isifike hata robo yake, na anayeuza hawezi kujua mpaka asome maandishi madogo ya nyuma.

Kumeza kiwango sahihi bado hakutoshi, maana chuma kina maadui mezani. Chai ni adui mkubwa, ya rangi na ya maziwa, kwa sababu ina tanini zinazokishika chuma kisifyonzwe. Kalsiamu nayo hushindana nacho. Dona na maharage yana fitati zinazokizuia. Dawa za kupunguza tindikali kama omeprazoli, ambazo wengi hupewa kwa miezi ya mwanzo, huzidi kukipunguzia nafasi. Vidonge vilivyopakwa ganda la kuyeyuka polepole havimfai aliyefanyiwa baipasi, kwa kuwa huenda vikayeyukia mbali na mahali pa kufyonzwa.

Hapa ratiba ya siku ina kazi kubwa kuliko jina la kampuni. Mpangilio mmoja unaokaa vizuri na maisha ya kwetu ni huu: multivitamini na B komplex pamoja na kifungua kinywa, chai isogezwe. Saa nne asubuhi kalsiamu ya kwanza, na chai ya maziwa ipewe saa hiyo, kwa kuwa hapo haigombani na chuma. Kalsiamu ya pili baada ya chakula cha mchana, ya tatu jioni mapema. Chuma kimezwe peke yake kabla ya kulala, angalau saa mbili baada ya kalsiamu, na kipande cha chungwa au maji ya ndimu, maana vitamini C hukisaidia kupita. Kikichafua tumbo, siku moja kumeza na moja kupumzika ni jambo la kuzungumza na daktari. Kuacha kimyakimya ndiko kunakoleta balaa.

Ipo dalili moja ya upungufu wa chuma ambayo kwetu tumeizoea mno hata hatuioni kuwa dalili. Ni hamu ya kula udongo, ule wa vipande unaouzwa sokoni kando ya ndimu na tangawizi. Tumeuachia wajawazito kama mazoea yao. Mwanamke aliyepasuliwa mwaka mmoja uliopita akijikuta anautafuna, au anatafuna barafu glasi baada ya glasi, apimwe feritini, kipimo cha ghala la chuma mwilini, wiki hiyohiyo. Udongo wenyewe unazidisha tatizo kwa kukishika chuma tumboni. Naisisitiza feritini kwa sababu hospitali nyingi hupima wingi wa damu peke yake, na wingi wa damu hushuka mwisho, ghala likiwa limeshaisha. Vidonge vikishindwa kuijaza, chuma cha kupitia mshipani kipo, na kukihitaji si dalili kwamba mgonjwa amefanya uzembe.

B12 ina tabia tofauti kabisa. Ini huhifadhi akiba ya miaka kadhaa. Upungufu huja kwa kuchelewa, mgonjwa akiwa ameshaacha kliniki, amependeza, na hakuna anayemkumbuka kama mgonjwa. Mguu unaanza ganzi, usawa unapotea gizani, kumbukumbu inafifia. Mahitaji ya kawaida ya mtu mzima ni mikrogramu 2.4 kwa siku, lakini aliyepasuliwa anaambiwa ameze 350 hadi 1000. Tofauti hiyo kubwa ina sababu yake. Ile protini inayoibeba B12 imepungua, hivyo mwili unategemea kiasi kidogo, kama asilimia moja, kinachopenya chenyewe bila kubebwa. Katika 1000 zinapita kama 10, nazo zinatosha. Njia nyingine ni sindano ya mikrogramu 1000 kila mwezi. Mimi naiona sindano kuwa ndiyo chaguo bora kwa wengi wa Afrika Mashariki: haipiti tumboni, bei yake inavumilika, na tarehe moja kwa mwezi ni rahisi kuikumbuka kuliko kidonge cha kila siku. Kuna jambo la kuangalia tu. Sindano nyingi za “neva” huchanganya B1, B6 na B12, na B6 ikizidi kwa muda mrefu inaharibu mishipa ileile ya fahamu inayodaiwa kuitibu.

Mwenye kisukari anayetumia metfomini aongeze uangalifu, kwa kuwa dawa hiyo nayo hupunguza B12. Na asidi ya foliki nyingi isiyo na B12 inaweza kurekebisha picha ya damu huku neva zikiendelea kuoza. Daktari akiona damu imekaa sawa anaridhika, na mgonjwa anaendelea kuyumba.

Kalsiamu inahitaji hesabu kama ya chuma. Lengo ni miligramu 1200 hadi 1500 kwa siku kwa tumbo lililokatwa na kwa baipasi, na 1800 hadi 2400 kwa ule upasuaji wa tatu. Mwili haufyonzi vizuri zaidi ya 500 au 600 kwa mkupuo, ndiyo sababu ya kugawa mara tatu. Kaboneti ina asilimia 40 ya kalsiamu halisi lakini inataka tindikali, kwa hiyo imezwe na chakula. Sitreti ina asilimia 21 tu, ila haihitaji tindikali, na wataalamu huipendelea kwa wagonjwa hawa. Kopo la sitreti likisema miligramu 1000 bila maelezo, huenda unapata 210. Sitreti haipatikani kila mji, na inapopatikana bei yake inakwaza. Aliyeko Tabora au Kisii akikosa sitreti ameze kaboneti pamoja na chakula kila siku. Hiyo ni bora mara nyingi kuliko kungoja mzigo kutoka nje.

Kipimo cha kalsiamu ya damu kinadanganya. Mwili hulinda kiwango cha kwenye damu kwa kuichota mifupani, hivyo karatasi ya maabara inasoma kawaida miaka kumi huku nyonga ikilegea. Kinachofichua wizi huo ni homoni ya tezi ndogo zilizo nyuma ya tezi ya shingo, PTH, ikisomwa pamoja na vitamini D. Na vitamini D wengi wana upungufu wake tangu kabla ya kupasuliwa, kwa kuwa unene wenyewe huishusha. Watu wetu husema jua la Afrika linatosha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania ukakuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita, kiwango kizuri sana. Hao ni watu walioshinda juani mwili ukiwa wazi. Karani wa Upanga anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi magharibi, au mama wa Kiswahili anayeishi Maskati ndani ya kiyoyozi na nje akiwa amejisitiri, hapati jua hilo. Mwongozo unaanzia yuniti 3000 za D3 kwa siku, kisha kipimo kiamue.

Mwezi wa tatu au wa nne nywele zinaanza kutoka kwa mafungu, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Kupukutika kwa mwanzo husababishwa hasa na mshtuko wa upasuaji na kupungua kwa kasi, na nywele hurudi zenyewe, mradi mtu anapata protini yake, angalau gramu 60 kwa siku. Wauzaji hutoa biotini ya viwango vikubwa. Nayo huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, vikiwemo vya tezi na troponini, kile kinachotumika kugundua shambulio la moyo. Mamlaka ya Dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu hilo mwaka 2017. Wengine hukimbilia zinki. Zinki nyingi hufukuza shaba, na upungufu wa shaba huharibu uti wa mgongo kwa namna inayofanana sana na upungufu wa B12. Kanuni ni miligramu 8 hadi 15 za zinki kwa kila miligramu moja ya shaba. Kidonge cha zinki pekee kisimezwe miezi na miezi bila sababu iliyopimwa.

Peremende za vitamini, zile laini za kutafuna, ni tamu na zinavutia mwenye kichefuchefu. Nyingi hazina chuma, na thiamini yake ni kidogo au haipo. Viraka vya kubandika ngozini havina ushahidi wa kutosha kuvitegemea. Unga wa mlonge ni chakula kizuri, lakini hakuna kijiko chake kinachofikia vipimo nilivyovitaja, na huzuni yangu ni kwamba unauzwa kwa watu hawa kama mbadala kamili. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao na maini ya mara moja kwa wiki vina thamani kubwa kuliko unga huo, kama chakula juu ya vidonge.

Vipo vidonge vilivyotengenezwa mahsusi kwa waliopasuliwa, na vina faida ya kukusanya viwango vikubwa mahali pamoja. Vingi huagizwa kutoka nje. Mtu hununua makopo mawili akiwa na ari, akiba inaisha, anakaa miezi minne bila kitu. Kwa tumbo lililokatwa au baipasi isiyo na matatizo, multivitamini mbili za watu wazima zenye madini, B komplex, chuma, kalsiamu, D3 na sindano ya B12 zinakaribia sana mahitaji, na kila moja inapatikana hapahapa. Makopo yajumlishwe lakini, hasa vitamini A na chuma, ili kitu kimoja kisihesabiwe mara mbili. Kwa ule upasuaji wa tatu siwezi kupendekeza mkusanyiko wa namna hiyo. Vitamini zake za mafuta zinatakiwa ziwe za aina inayochanganyika na maji, na ufuatiliaji wa karibu wa daktari hauna mbadala.

Damu ipimwe mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, kisha kila mwaka. Wengi wa kwetu hupasuliwa India au Uturuki, wanarudi na picha na karatasi ya kuruhusiwa hospitali. Waombe ripoti ya upasuaji wenyewe, inayoonyesha ni sehemu gani ilikatwa na utumbo wa urefu gani uliorukwa, na orodha ya vidonge kwa miligramu. Hospitali inayochukua fedha za mtu na kumwachia safari ya miaka arobaini bila karatasi hizo haijamaliza kazi yake.

Wanawake vijana wana suala lao. Uzito ukishuka, hedhi iliyopotea hurudi, na waliohangaika kupata mtoto hushika mimba kabla hawajajiandaa. Ushauri ni kungoja miezi 12 hadi 18, kupungua kutulie na akiba ijazwe. Mimba ikiingia, vitamini A ya aina ya retinoli inatakiwa ibadilishwe iwe betakarotini, kwa sababu retinoli nyingi huweza kumdhuru mtoto tumboni, na baadhi ya makopo ya waliopasuliwa yanayo kwa wingi. Vidonge vya chuma na foliki vinavyotolewa kliniki viingizwe kwenye hesabu, pamoja na vile vya nyumbani. Mkunga aambiwe mapema kuhusu upasuaji, kwa kuwa kile kipimo cha sukari cha kunywa glasi ya glukosi kinaweza kumwangusha aliyefanyiwa baipasi kwa jasho, mapigo ya moyo na kuharisha. Badala yake apewe kifaa cha kutoboa kidole, ajipime nyumbani kwa wiki moja hivi, kabla na baada ya kula, kati ya wiki ya 24 na ya 28 ya ujauzito.